Suruali ya Donatus

Miaka ile gazeti lilitufikia likiwa limeshachoka. Lilitoka Dar es Salaam kwa treni, likashushwa Shinyanga, likapanda basi la Kahama na Ushirombo, na kutoka hapo lililetwa kijijini na Apolinari, mwenye duka na mtunza mfuko wa posta, juu ya baiskeli yake pamoja na chumvi na mafuta ya taa. Habari za serikali tulikuwa tumekwisha kuzisikia redioni siku tano nyuma, kwa hiyo hakuna aliyetaka ukurasa wa kwanza. Watu walitaka ukurasa wa sita, safu iliyoitwa Vioja vya Kila Pembe, na walitaka niwasomee mimi.

Naitwa Theonest Luhende. Mwaka 1977 nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza darasa la saba kwa alama nzuri na sina pa kuzipeleka. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na msimu wa pamba ulipofika nilikuwa karani wa kuandika majina kwenye mizani ya kijiji. Nilivaa kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Nilijiona mtu wa maana sana, na hilo nalisema mapema ili msije mkanionea huruma mahali pasipostahili.

Foleni ya pamba ilianza alfajiri. Watu walikalia magunia yao wakingoja zamu, jua likawapanda kichwani, na ndipo mtu mmoja angesema, mwalimu, hebu tupe vya wazungu. Nilipanda kwenye jukwaa la mizani nikasoma. Nilisoma habari ya Mreno aliyekosana na mkewe akahamia juu ya mti, akakaa huko miaka tisa. Nilisoma habari ya jogoo wa Ufaransa aliyeshtakiwa mahakamani na jirani kwa kuwika mapema. Nilisoma habari ya bwana harusi wa Brazili aliyelala usingizi kanisani hadi bibi harusi akaolewa na mshenga.

Watu walicheka hadi magunia yakaporomoka. Mzee Januari, ambaye hakuwahi kukubali habari bila kuikagua, aliuliza huyo Mreno miaka yote tisa nani alimlimia shamba. Tangu siku hiyo mume yeyote aliyenuna nyumbani kwake alisemwa kwamba amepanda mti wa Mreno. Mimi nilikuwa nikicheka kabla yao, kisha nikisubiri wanifikie. Ilikuwa raha kubwa kuliko zote nilizozijua.

Chini ya safu hiyo paliandikwa kila wiki kwamba wasomaji wanakaribishwa kuleta vioja vya kwao, navyo vitachapwa pamoja na jina la mwandishi. Niliyasoma maneno hayo mwaka mzima. Niliwaza kwamba kwetu hakuna kioja. Kwetu kuna pamba, mihogo na misa ya Jumapili.

Kisha akafa Donatus.

Donatus alikuwa mtoto wa kwanza wa Febronia, mjane wa ng'ambo ya kijito, na tulikalia dawati moja shuleni tangu darasa la kwanza hadi la saba. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu porini, mbele ya Segese, kama vijana wengi walivyoanza kwenda. Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na duara alilokuwa akichimba, lile shimo refu waingialo kwa kamba, likafunga mdomo naye akiwa chini. Wenzake walifukua kifusi siku mbili. Siku ya tatu kuta za shimo la jirani zikaanza kulia, wakaogopa, wakaacha. Waliomletea mama yake habari walimletea pia mfuko wenye kikombe cha bati na suruali ya kaki.

Katika koo za kwetu mtu asiyepatikana hazikwi kwa maneno matupu. Huzikwa kwa nguo yake yenye jasho lake, kwa sababu jasho ni lake na hakuna mwingine mwenye jasho hilo. Asipozikwa, matanga hayaondoki, na wadogo zake hawaoi wala hawaolewi. Nilijua hayo tangu utoto. Baba yangu mdogo hakurudi kutoka vita vya Burma, babu akamzika kwa kiatu kimoja alichokiacha nyumbani, na mimi nilipalilia kaburi hilo kila mwaka bila hata mara moja kuliona la kuchekesha.

Febronia alikataa sanduku dogo. Alimwambia seremala apime jeneza la mtu mzima, urefu wa Donatus, na alisimama hapo hapo hadi mbao zikakatwa. Suruali ikakunjwa vizuri ikalazwa katikati. Katekista akasali. Tulikuwa wanne tuliolibeba. Ng'ombe mmoja alichinjwa, watu walikaa matanga siku nne, nikala pamoja nao, nikarudi nyumbani.

Mwezi wa nne, mchana mmoja wa mvua, nikiwa sina wanafunzi, nilichukua karatasi nikaandika kioja cha kwetu.

Ningependa kusema kwamba mhariri aliyageuza maneno yangu. Hakuyageuza. Niliandika kwamba katika kijiji fulani cha Ushirombo mwanamke mmoja aitwaye Febronia ameushangaza ulimwengu kwa kuizika suruali kwa heshima zote za binadamu. Niliandika kwamba jeneza lilikuwa jepesi kana kwamba limebeba kuku. Niliandika kwamba suruali hiyo iliombolezwa siku nne usiku na mchana, na kwamba haijulikani kama shati nalo litawekewa matanga. Hilo la shati nililipenda sana, nililiandika mara tatu hadi likakaa sawa. Nilikuwa najaribu kuona mambo yetu kwa macho ya mtu wa mbali, na kila nilivyozidi kuona kwa macho hayo ndivyo nilivyozidi kucheka. Sikumchukia Febronia hata kidogo. Nilimsahau tu.

Mtaniuliza kama sikufikiri watu wa kwetu wangeisoma. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipo. Mimi niliyelisoma gazeti kila wiki mbele ya kijiji kizima nilidhani vioja vinakwenda upande mmoja tu. Nilimwona mtu wa Tanga akicheka, mtu wa Mbeya akicheka. Haikunijia akilini kwamba gazeti lile lile lingefungwa kwenye baiskeli ya Apolinari likaletwa kwetu.

Lililetwa siku ya pili ya ununuzi, mwezi wa saba. Nilipanda jukwaani nikafungua ukurasa wa sita mbele ya watu, kama kawaida yangu, bila kuupitia kwanza. Nikaona jina langu limepigwa chapa. Moyo ulinijaa kiasi kwamba sikufikiri lolote. Nilisoma kichwa cha habari kwa sauti: Azika Suruali, Alia Siku Nne. Watu wakacheka papo hapo, kwa maana walizoea kucheka nikifungua mdomo tu. Nikaendelea. Nilipofika kwenye jina la Febronia baadhi yao walinyamaza, wengine walikuwa wameshachukuliwa na kicheko na hakikusimama. Nilipofika kwenye shati kulikuwa na watu waliolia kwa kucheka na watu waliotazama chini, na wote walikuwa wakinisikiliza mimi. Nilimaliza, kwa sababu sikujua namna ya kuacha katikati.

Mzee Januari hakuuliza swali. Alinyanyuka, akavuta gunia lake, akaenda kukaa mwisho wa foleni.

Jioni hiyo hiyo watoto walikuwa na wimbo. Wiki iliyofuata kaburi lile lilikuwa na jina. Mtu akielekezwa njia ya kijito aliambiwa, ukipita kaburi la suruali kata kushoto. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya, walikuwa wakielekeza njia tu. Lakini Donatus hakutajwa tena. Mtu wa miaka ishirini na minne, aliyenifundisha kuogelea, alikuwa amegeuka nguo.

Febronia hakuwepo siku ile kwenye mizani. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo, mmoja wa wazito. Miezi sita nzima alikuwa akihangaika na silabi, akisoma "ma" na "mi" kama anayetafuna mfupa, na mimi nilimvumilia kwa namna ambayo naye aliiona. Jumatano iliyofuata aliingia darasani na gazeti lililokunjwa chini ya kwapa. Sijui alilipata kwa nani. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wanawake wa rika lake. Aliomba asome mbele ya darasa.

Nilimwambia leo tuna hesabu. Akasema atasoma kidogo tu.

Alisoma dakika ishirini. Aliweka kidole chini ya kila neno na hakukiondoa hadi neno limekubali. "Ku-i-zi-ka." "He-shi-ma." Alipokwama hakuniangalia mimi, alimwangalia jirani yake, Paskalia, naye akamsaidia kwa sauti ya chini. Alisoma habari ya kuku. Alisoma habari ya shati. Hakulia na hakukasirika, alikuwa na kazi ya kusoma na aliifanya yote. Mwishoni kabisa akasoma jina la mwandishi, na hilo lilimtoka kwa mara moja, bila kulikata, kwa sababu ndilo jina nililoandika ubaoni siku ya kwanza ya kisomo ili walizoee.

Ile ilikuwa habari ya kwanza aliyoisoma mwenyewe maishani mwake. Niliona haya ambayo sikujua kwamba mtu anaweza kuyaona na bado akasimama. Nilitaka kusema neno, nikasema, umesoma vizuri, Mama Donatus. Alikunja gazeti akarudi kukaa.

Hakukosa darasa hata siku moja. Baada ya wiki tatu alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, na stempu juu yake. Alikuwa ameliandikia gazeti. Alisema amewaandikia wasahihishe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua anwani, niiweke kwenye bahasha niipeleke kwa Apolinari. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayemtuma kijana wake dukani.

Niliisoma barua nyumbani. Ilikuwa na mistari saba, herufi kubwa zimepanda na kushuka. Sita ningeweza kuivumilia. Wa tano ulinihusu mimi, na huo ndio ulionishinda. Niliwaza jinsi utakavyoonekana kwenye gazeti, mtu wa Tanga akiusoma, mtu wa Mbeya akiusoma. Nikasema nitaipeleka kesho. Niliiweka ndani ya daftari la mahudhurio, na kesho yake nikasema kesho.

Kila wiki, gazeti lilipofika, Febronia alikuja darasani mapema kuliko wenzake akaomba ukurasa wa sita. Aliusoma wote akitafuta barua yake. Mwanzoni ilimchukua saa nzima. Alisoma habari za mbuzi aliyepigiwa kura, za mtu aliyepiga chafya siku mia moja, za mapacha waliooa mapacha wakachanganya nyumba. Hakucheka hata moja. Akimaliza alisema, bado, akanirudishia gazeti kwa mikono miwili, akakaa. Mimi nilikuwa mezani, daftari la mahudhurio mbele yangu, na barua yake ndani ya daftari.

Hivyo ndivyo alivyojua kusoma. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa hatumii kidole. Mwezi wa tatu alikuwa akisoma kwa macho bila kutikisa midomo. Mkaguzi wa elimu alipotoka wilayani kupima, Febronia alishika nafasi ya kwanza hatua ya nne, na mkaguzi akanisifu mimi mbele ya watu, akaniuliza nimetumia njia gani. Nikasema ni juhudi ya mwanafunzi mwenyewe. Sijawahi kusema kweli iliyonichoma namna ile.

Sikuwa nasoma tena kwenye mizani. Walipoomba nilisema koo linaniuma, na koo hilo liliniuma mwaka mzima.

Mwezi wa sita wa 1978 cheti chake kilikuja. Nilikibeba hadi kwake ng'ambo ya kijito, nikapita kando ya kaburi, na ndani ya daftari nilibeba barua. Alikuwa uani akichambua karanga. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanipa kigoda. Nilimpa cheti kwanza. Alikisoma chote, hata maandishi madogo ya mpiga chapa, akakiweka kando. Kisha nikaweka barua juu ya ungo wa karanga, na stempu yake, nikasema, "Mama, sikuipeleka."

Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Apolinari anazijua barua zote za kijiji hiki kwa sura. Nilimuuliza wiki ile ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kutafuta kila wiki.

"Nilikuwa nangoja uchoke, ng'wanawane."

Aliniita mwanangu, kwa neno la nyumbani, na kama angenipiga kwa mchi ningeona amenisitiri. Nilianza kusema kwamba nitaipeleka leo hii, nitapanda baiskeli hadi Ushirombo, sitaipitisha hata kwa Apolinari. Nilisema mengi. Aliacha nimalize. Akasema gazeti liko mbali, na watu wa gazeti hawamjui Donatus wala hawatamjua. Waliocheka wako hapa. Waliolibandika kaburi jina wako hapa. Alisema siku ya kwanza ya ununuzi nipande pale ninapopandaga, nisome barua yake kama nilivyosoma ile yangu, na stempu nibaki nayo.

Nilikuwa na wiki mbili za kuugua na sikuugua. Siku ilipofika foleni ilikuwa ndefu kuliko mwaka uliopita, pamba ilikuwa imekubali. Nilipopanda jukwaani na karatasi mkononi watu walichangamka. Mtu akasema, koo limepona, leo tunacheka. Wakasogeza magunia karibu. Febronia alitoka kwenye nafasi yake katika foleni akaja akasimama chini ya jukwaa, upande wangu wa kulia, akaangalia juu.

Nilisema hii haikutoka gazetini. Nilisema ni barua ya Mama Donatus, mimi nilitakiwa kuipeleka nikaificha mwaka mzima. Kisha nikasoma.

"Mimi ni Febronia. Mliandika kwamba nimezika suruali. Mimi nilimzika mwanangu. Mwili wake uko chini ya kifusi na hatukuweza kuutoa."

Hakuna aliyecheka. Mpimaji alikuwa ameshika jiwe la mizani, hakuliweka chini. Macho yangu, bila mimi kuyatuma, yakauvuka mstari wa tano yakaenda kwenye wa sita.

"Tulimpimia jeneza la urefu wake kwa sababu alikuwa mtu mzima."

"Umeruka mmoja," Febronia akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia. Nilimwangalia. Hakuwa na karatasi, alikuwa akinifuata kichwani neno kwa neno. Nilitamani aniachie huo tu. Alingoja, uso wake umetulia kama wakati ule akingoja silabi ikubali.

Hata ninyi ninaowasimulia nimewarukia mstari huo hadi hapa. Nilirudi juu nikausoma.

"Mwandishi wenu alibeba jeneza upande wa miguu, akashindwa kutembea kwa kulia, na mimi ndiye niliyemfuta machozi kwa kanga yangu."

Nikasoma tena ule wa sita, na wa saba, ambao ulisema tu kwamba jina lake ni Donatus. Febronia alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye gunia lake. Mpimaji akaweka jiwe juu ya mizani. Nilishika kalamu nikaita jina la kwanza kwenye orodha.